Salfa Iliyonisomesha

Wazee wa pwani walikuwa na jina lao la salfa kabla neno hilo halijafika kwetu. Waliiita kiberiti. Kulikuwa na kiberiti upele, kikisagwa na kuchanganywa na mafuta akapakwa mtoto mwenye upele, na njiti za kuwashia moto nazo zikaja kurithi jina hilo. Waliotafsiri Biblia walipofika kwenye habari za Sodoma na Gomora walilitumia neno hilo hilo. Kwa hiyo huu unga wa njano tunaoupuliza juu ya mikorosho kila mwaka, toka mwezi wa sita mpaka wa tisa, si mgeni kabisa. Kilicho kigeni ni wingi wake.

Nataka kuandika kidogo historia ya unga huo huku kwetu Newala na Masasi, na nataka niifikishe mahali ambapo ripoti za korosho huwa hazifiki, yaani puani na kifuani mwa mtu. Ripoti huhesabu tani. Mimi ni mmoja wa watu ambao miili yao imeikataa salfa, na baada ya kuikataa salfa mwili wangu ukaendelea kukataa na vitu vingine ambavyo wenzangu hata hawavisikii harufu. Msomaji usiharakishe kunihukumu, nitafika huko. Kwanza tuanze na mti.

Mkorosho asili yake ni Brazil. Wareno ndio waliouleta pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16, ukakaa miaka mingi ukiwa mti wa kivuli na wa mabibo tu. Ni baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo watu wa uwanda wa Makonde walipoupanda kwa wingi hasa, maana korosho ghafi zilikuwa zimepata soko India, na mti wenyewe haudai mengi. Anayeijua Newala atanielewa. Uwanda wetu uko juu, mita mia saba hivi toka usawa wa bahari, ukisimama kwenye ukingo pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini yako, maji yako kule na wewe uko huku. Bibi zetu walikuwa wakishuka magenge kwenda kuteka na kupanda nayo kichwani, mpaka miaka ya 1950 mradi wa maji ya bomba ulipoanza. Mahali kama hapo mti unaovumilia mchanga na kiangazi unakuwa kama ndugu.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Kisha likaja anguko. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Viwanda vya kubangulia vilivyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Masasi na Newala vikiwemo, vikabaki majumba ya popo.

Wasomi wanataja sababu nyingi, na bei ndogo iliyomkatisha mkulima tamaa ni mojawapo. Mimi naipa uzito ile ya kuhamahama. Newala ni mpakani. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipowaka tangu 1964, mabomu ya Wareno yalikuwa yakivuka Ruvuma, na watu wakaanza kusogezwa. Halafu Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, kila mtu awe ameingia kijijini ifikapo mwisho wa 1976. Watu wakahama, mikorosho haikuhama. Mtu akawa na miti yake mwendo wa saa mbili kutoka anapolala. Nani atapalilia? Mashamba yakageuka vichaka, matawi yakashikana, ubaridi na umande vikakaa ndani kama chumbani. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 ukungu mweupe ukaonekana juu ya maua ya mikorosho. Ndio tunaouita ubwiri unga. Ua likishikwa nao halizai, linanyauka likiwa bado halijafunguka vizuri. Sisemi vijiji vilileta ukungu. Nasema uliwakuta wenyewe wa miti hawapo.

Ukungu huu una binamu yake Ulaya. Mwaka 1845 mtunza bustani mmoja wa Margate, Uingereza, jina lake Tucker, aliona unga mweupe juu ya mizabibu yake. Miaka michache baadaye ulikuwa umeshaingia Ufaransa, na kufikia 1854 mavuno ya mvinyo wa huko yalikuwa yameanguka vibaya. Waliookoa mizabibu walifanya hivyo kwa kuinyunyizia unga wa salfa. Basi wataalamu wetu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walipohangaika na mikorosho katika miaka ya 1980, dawa ilikuwa imewangoja zaidi ya miaka mia moja.

Na ilifanya kazi, lazima niseme hivyo bila kung'ata maneno. Ushauri wa mwanzo ulikuwa gramu 250 kwa kila mti, unarudia kila baada ya wiki mbili, mara nne mpaka tano kwa msimu. Piga hesabu. Mwenye mikorosho 50 tu, akirudia mara tano, anarusha hewani zaidi ya kilo 60, yaani mifuko miwili na nusu ya kilo 25. Na kwetu mtu wa mikorosho 50 hatumwiti mkulima mkubwa. Unga unapulizwa kwa mashine ya injini inayobebwa mgongoni, alfajiri, wakati umande ungali juu ya majani ili unga ushike, na upepo wa kusi haujaamka. Mpulizaji anaelekeza bomba juu, wingu la njano linapanda, linazunguka ndani ya mti, halafu linashuka. Linashuka wapi? Juu ya mti, juu ya mpulizaji, juu ya vyombo vilivyoanikwa uchanjani, juu ya nyumba. Kwetu huku nyumba na mikorosho haviachani, mti wa mwisho wa shamba mara nyingi ndio mti wa kwanza wa ua.

Matokeo unayajua. Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima wakarudi mashambani na mashine zao. Mwaka 2017 serikali iligawa salfa bure, na msimu huo wa 2017/18 taifa likavuna zaidi ya tani 300,000. Hizo tani ndizo mabati unayoyaona yaking'aa ukitoka Masasi kupanda Newala. Ndizo pikipiki. Ndizo karo yangu ya sekondari, sare yangu, na nauli ya kwenda chuo cha ualimu.

Sasa nije kwenye kifua.

Kila mtoto wa Newala anajua macho kuwasha mwezi wa saba. Unaamka, kope zimegandana, koo limekauka, unakohoa kidogo, unanawa, unakwenda shule. Hakuna aliyeona hayo kuwa ugonjwa, yalikuwa majira, kama baridi. Mimi nilikuwa hivyo hivyo na wenzangu mpaka nilipofika kidato cha pili. Mwaka ule walipuliza shamba lililopakana na ua wetu kwa asubuhi tatu mfululizo, na dirisha la chumba nilicholala halikuwa na kioo, lilikuwa na gunia. Nilibanwa kifua nikapelekwa zahanati, nikapona. Mwezi wa kumi ukaja, salfa imekwisha, korosho zinaanguka, kila mtu amesahau. Mimi nikaanza kuumwa kichwa mama akifua kwa sabuni ya unga.

Baada ya sabuni ikawa mafuta ya taa. Kisha dawa ya mbu ya kuchoma, ile ya mviringo. Kisha rangi ya mafuta, moshi wa lori, marashi ya jirani yangu kwenye basi, kitenge kipya ambacho hakijafuliwa. Si kwamba navichukia. Nikivivuta kidogo tu kifua kinabana, kichwa kinajaa kitu kama pamba, maneno ninayoyajua nayatafuta siyaoni, viungo vinauma mpaka kesho yake. Nikitoka nje kwenye hewa safi, hali inapungua pole pole. Hayo ndiyo yote. Ugonjwa usio na kidonda, usio na homa, usio na kitu cha kumwonyesha mtu.

Kitu kisichoonekana kila mtu hukipa jina lake. Mama alisema ni pumu. Shangazi alisema ni jini aliyenipenda, hataki nichangamane na watu. Wakaniitia mganga, mzee mstaarabu kabisa, akanifunika shuka nikafukizwa ubani na vitu vingine vya kwenye mkoba wake. Nilizimia kabla hajamaliza maneno yake. Basi ikawa ushahidi: mnaona jini hataki! Leo nacheka, siku ile sikucheka. Hospitali nako walinipima malaria, wakanipima tena malaria, wakaniambia nina vidonda vya tumbo, na mara ya mwisho mganga mmoja kijana, mpole, akaniuliza kama nimeachwa na mchumba. Aliandika kwenye kadi yangu neno moja: mawazo.

Ilinibidi nisome mwenyewe, na kumbe nilichokipata kina historia yake. Miaka ya 1940 na 1950 daktari mmoja wa Chicago, Theron Randolph, alianza kukusanya habari za wagonjwa walioanguka kwa moshi wa gesi ya jikoni, rangi na dawa za wadudu, kwa kiasi ambacho hakimsumbui mtu mwingine. Kitabu chake kilitoka 1962. Wenzake wengi walimwona ametoka nje ya sayansi. Mwaka 1987 Mark Cullen wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyekuwa akishughulika na maradhi ya makazini, aliiwekea hali hiyo mipaka: inaanza baada ya tukio linalojulikana la kuvuta kemikali, inaenea kwenye kemikali zisizohusiana, inagusa zaidi ya kiungo kimoja, inaletwa na kiasi kidogo mno, na vipimo vya kawaida havioni kitu. Nilipoisoma orodha hiyo nilikaa chini. Gunia la dirishani lilikuwamo, na sabuni ya mama ilikuwamo.

Lakini nisimdanganye msomaji. Madaktari hawajakubaliana. Mwaka 1996 wataalamu waliokutana Berlin walipendekeza jina la Cullen liachwe, kwa kuwa linadai chanzo ambacho hakijathibitishwa, litumike jina linalosema tu kwamba mtu havumilii mazingira na sababu haijulikani. Shirika la Afya Duniani halijaiorodhesha kama ugonjwa unaojitegemea. Na yako majaribio ambapo wagonjwa wamevutishwa hewa yenye kemikali na hewa safi bila kuambiwa ipi ni ipi, na wengi wakashindwa kuzitofautisha. Wapo wanaosema basi yote ni akilini. Wapo wanaosema majaribio yenyewe yana kasoro. Mimi siko katika kundi lolote kwa kiapo. Najua kitu kimoja: kubanwa kifua ni kubanwa kifua, kuwe kumeanzia puani au kwenye ubongo uliojifunza kuogopa, na mtu anayebanwa hastahili kuitwa mwongo kwa sababu mabingwa wanabishana.

Kuhusu salfa yenyewe ubishi ni mdogo zaidi. Huku kwetu jibu limekuwa moja siku zote: salfa si sumu. Na kweli si sumu kama sumu nyingine, hata wakulima wa kilimo hai huko nje wanaruhusiwa kuitumia. Hapo ndipo mlalamikaji anapopotelea, maana kitu kikishaitwa salama, anayekilalamikia ndiye anayeonekana na kasoro. Ila mwaka 2017 watafiti wa California walitoa habari za watoto wa bonde la Salinas, wengi wao wa familia za vibarua wa mashambani. Waliokaa mahali ambapo salfa nyingi ilitumika ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani walikuwa na dalili nyingi zaidi za pumu, na mapafu yao yalipuliza hewa kwa nguvu ndogo zaidi. Kilomita moja! Mimi nilikuwa na hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Na hapa nyumbani, katika miaka ya 1990, watafiti waliuchunguza udongo wa chini ya mikorosho yetu wakaona salfa inauongezea uchachu. Udongo umepata kupimwa salfa. Mimi nilipimwa malaria.

Nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Masasi sasa ni mwaka wa tano. Niliomba Masasi makusudi. Si kwamba huko hakuna mikorosho, ipo tele, ila mji umekaa katikati ya majabali na nilipata chumba upande ambao mashamba yako mbali. Nikadhani nimetoroka. Mwaka wa pili ofisi ya walimu ikapakwa rangi ya mafuta. Nikaomba nisahihishie madaftari chini ya mwembe kwa wiki tatu. Lo! Ilikuwa kesi. Mkuu wangu akasema hajapata kuona mwalimu anayekimbia ofisi nzuri. Wenzangu wakasema ninaringa, eti chuo kimenifanya mzungu. Mmoja akaanza kujipulizia manukato kila nikiingia, kwa mzaha, watu wakacheka, nami nikatoka nje nikitafuta ukuta wa kuegemea. Sikumchukia. Angeniona navuja damu asingefanya vile. Tatizo langu halivuji.

Mtu pekee niliyetaka anielewe alikuwa mjomba. Kwa Wamakonde mjomba si mtu wa kumsalimia na kupita. Ndiye aliyenisimamia, na mikorosho iliyonisomesha ni yake. Nilikwenda Newala likizo moja, mwezi wa kumi na mbili, hewa safi, nikampa shikamoo, tukakaa nje, nikamweleza mambo yote, na ya California nikayatia. Alisikiliza kwa utulivu. Kisha akasema, "Mama, salfa hii ndiyo iliyokusomesha."

Ningejibu nini? Ilikuwa kweli. Nilisema, "Ndiyo mjomba."

"Sasa unataka niache?"

"Sijasema uache. Nasema inaniumiza."

Akakaa kimya. Baadaye akaniambia jambo ambalo hakupata kuniambia, kwamba hata yeye tangu miaka mingi hawezi kulala chali mwezi wa nane, anakaa kwenye kiti mpaka kukuche. "Lakini hilo," akasema, "ni la kazi." Basi nikaelewa kwamba kwake maumivu yapo ya aina mbili, ya kazi na ya uvivu, na alikuwa bado anafikiri yangu ayaweke wapi.

Tangu siku hiyo miti iliyozunguka nyumba anaipiga dawa ya maji, zile ambazo zilianza kutumika miaka ya 1990, zinazochanganywa na kupulizwa kama manyunyu. Haziruki mbali kama unga. Ni ghali zaidi mfukoni, na zina harufu yake ambayo nayo kichwa changu hakiitaki, ila inaisha siku hiyo hiyo. Kwenye shamba la mbali bado ni salfa. Jioni kabla ya kupuliza hunipigia simu: kesho tunaanza, kaa huko huko. Simu hiyo kwangu ni kubwa kuliko karatasi ya hospitali.

Mwaka jana bibi alifariki mwezi wa saba, na msiba haupangiwi simu. Nilipanda Newala jioni ile ile. Mjomba alikuwa ameshawazungukia majirani kuwaomba wasimamishe mashine kwa siku tatu. Wawili walikubali mara moja. Wa tatu alisema pole sana, akatoa na unga wa msiba, lakini ukungu haungoji matanga, maua yamefunguka, mkupuo wake wa tatu ulikuwa umeshachelewa siku nne. Nami siwezi kumlaumu, korosho zake ni karo ya mtu mwingine.

Tulilala msibani. Kwenye saa kumi na moja alfajiri injini ikanguruma. Nililowesha ncha ya kanga nikajifunika pua na mdomo, nikahamia pembe ya ua ambayo upepo ulikuwa unatokea, peke yangu, wakati wanawake wote wamekaa pamoja mkekani. Nikamsikia mmoja akisema, "Huyu ndiye aliyependwa kuliko wote, mtazame alivyojitenga." Mjomba alikuwa anapita na kuni. Akasimama. "Mwacheni," akasema, "salfa inamkataa."

"Inamkataaje," yule mama akauliza, naye hakuuliza kwa ubaya, "na ndiyo iliyomsomesha?"

Mjomba aliweka kuni chini akaelekea shambani kwa jirani. Baada ya muda injini ikanyamaza. Nikashusha kanga. Ile ya shamba la mbele zaidi ilikuwa ndiyo kwanza inawashwa.